Elimu ya Mlima: Kondoo wa Pembe Kubwa na Urithi wa Njia Zake

Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya walimu, maofisa wa wanyamapori na mifugo, wafugaji na wanafunzi

Nashukuru kuona wafugaji na maofisa wa hifadhi wamekaa kwenye safu moja, kwa sababu nitakayoyasema yanawahusu wote wawili kwa pamoja.

Mada niliyopewa ni maisha ya wanyama wa milimani. Ningeweza kuwazungumzia mbuzimawe wetu, au pofu wanaopanda hadi nyanda za juu za Kilimanjaro. Nimemchagua mnyama wa mbali, kondoo wa pembe kubwa wa Amerika Kaskazini, kwa kuwa amechunguzwa kwa makini kwa zaidi ya nusu karne, na yaliyogunduliwa juu yake yanatufunza jambo ambalo sisi wahifadhi hulisahau mara kwa mara.

Hoja yangu kuu ni hii: kondoo huyu anaishi mlimani kwa mwili aliozaliwa nao na kwa elimu aliyorithishwa na wakubwa zake. Mwili unaweza kuuhamisha kwa gari. Elimu haipandi gari. Kwa hiyo anayetaka kumhifadhi mnyama huyu hana budi kuhifadhi pia mlolongo wa mafunzo kutoka kizazi hadi kizazi. Nitalieleza hilo kwa hoja tano, kisha nitasema tunachopaswa kufanya.

Kabla ya hoja hizo, tumjue mnyama mwenyewe. Kondoo wa porini duniani ni wa aina chache. Asia ya Kati yuko argali, mkubwa kuliko wote. Asia ya Magharibi yuko mouflon, ambaye ndiye asili ya kondoo tunaowafuga. Siberia yuko kondoo wa theluji. Alaska na kaskazini ya Kanada yuko kondoo wa Dall. Kondoo wa Barbari anayeishi kwenye milima ya Atlas na Sahara yuko peke yake katika jenasi yake, na wanasayansi hawamweki kundi moja na kondoo halisi. Kondoo wa pembe kubwa, *Ovis canadensis*, ni wa ukoo wa wale waliovuka kutoka Siberia hadi Alaska katika zama za barafu, wakati maji ya bahari yalipopungua na nchi kavu ikaunganisha mabara mawili penye Mlango wa Bering. Leo anapatikana kwenye Milima ya Rocky kuanzia British Columbia na Alberta hadi Montana, Wyoming na Colorado, kwenye Sierra Nevada ya California, na hata kwenye milima ya jangwani ya Nevada, Arizona na kaskazini ya Mexico.

Wenyeji walimjua mapema mno. Katika eneo la Yellowstone waliishi Watukudika, tawi la Washoshone ambalo jina lake lenyewe linatokana na kumla kondoo huyu. Walilainisha pembe zake kwa joto, wakitumia hata chemchemi za maji moto, wakatengeneza pinde zilizosifika kwa nguvu. Kwenye milima ya Coso, California, wachoraji wa kale waliwachonga kondoo hawa kwenye miamba kwa wingi usio wa kawaida. Watu hao waliishi naye muda mrefu sana. Alianza kutoweka baada ya kuja walowezi na bunduki zao na makundi yao makubwa ya mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekwisha kufutika katika sehemu nyingi za nchi yake.

Hoja ya kwanza: mwili wake umefaa kwa majabali, lakini mwili peke yake hautoshi

Tuanze na kwato. Ukiishika kwato ya kondoo huyu na kuigeuza, utaona sehemu mbili tofauti. Ukingo wa nje ni mgumu na mkali, unaouma kwenye nyufa za jiwe. Ndani ya ukingo huo kuna nyama laini iliyobonyea kidogo, inayoshika jiwe kama soli ya raba. Vidole viwili vya kwato huweza kutanuka na kubana. Kwa kwato hizo mnyama mwenye uzito wa mtu mzima, au karibu mara mbili yake, hupita kwenye ukingo wa jabali wenye upana wa sentimita tano tu, akaruka hadi ukingo mwingine, akasimama bila kuyumba.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa na yanaona eneo pana bila kugeuka. Ndiyo silaha yake ya kwanza, kwa sababu maadui zake ni puma, mbwa mwitu wa kaskazini, koyote na, kwa wanakondoo, tai. Mbwa mwitu akikimbia kwenye uwanda humpata kondoo. Kwenye genge hampati. Ndiyo maana kondoo wa pembe kubwa hali mbali na miamba. Hula haraka kwenye nyasi za wazi, akajaza tumbo, kisha hurudi kwenye genge kucheua kwa utulivu mahali ambapo adui hafiki. Walimu wa baiolojia mnajua kwamba tumbo lenye vyumba vinne humwezesha mnyama kupata chakula hata kwenye majani makavu ya kipupwe. Kwa kondoo huyu, tumbo hilo ni silaha pia, kwa sababu linampunguzia muda wa kukaa hatarini.

Fikirieni sasa kimo chenyewe. Kwenye mita 4,000, kila pumzi humpa mnyama takriban asilimia 60 tu ya oksijeni anayoipata aliyeko Tanga. Upepo huvuma siku nzima, na theluji inaweza kuifunika nchi kwa miezi. Kondoo wa Sierra Nevada hupita majira ya joto kwenye vimo kama hivyo. Manyoya yake mazito huhifadhi joto, lakini hakuna manyoya yanayoleta chakula. Wakati wa baridi ni lazima ajue tuta gani upepo hulipuliza hadi nyasi zikaonekana, mteremko upi unaotazama kusini hupata jua, na bonde lipi huporomokewa na theluji. Kwato na macho anazaliwa nayo. Ujuzi huo hazaliwi nao.

Hoja ya pili: pembe ni kumbukumbu ya umri, na umri unaheshimiwa

Dume aliyekomaa huweza kuzidi kilo 130, na pembe zake peke yake hufikia kilo 14. Hazidondoki kila mwaka kama zile za kulungu wa kaskazini. Hukua maisha yote. Wakati wa baridi ukuaji husimama na kuacha mkunjo, hivyo mtaalamu anayezihesabu alama hizo huujua umri wa dume na hata miaka aliyopata malisho mabaya. Majike nao wana pembe, ila ni fupi na hazijizungushi.

Mwanasayansi Valerius Geist aliishi na kondoo hawa na wenzao wa kaskazini katika milima ya Kanada miaka ya 1960, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake kikubwa juu yao. Alionyesha kwamba pembe ni cheo kinachoonekana kwa macho. Madume wawili wakikutana hupimana kwanza kwa kutazama pembe. Mdogo akiona tofauti ni kubwa, hukubali nafasi yake na hakuna vita. Vita vikali hutokea wakati pembe zinalingana, hasa Novemba na Desemba, msimu wa kupandana.

Niwaeleze vita hivyo jinsi vinavyokwenda, kwa kuwa wengi wetu tumeviona kwenye televisheni kwa sekunde chache tu. Madume husimama ubavu kwa ubavu. Mmoja hunyoosha shingo chini na kumpiga mwenzake teke kwa mguu wa mbele. Kisha huachana, kila mmoja akienda zake kana kwamba ameghairi. Ghafla hugeuka, husimama kwa miguu ya nyuma, huinamisha kichwa upande, na hujitupa mbele kwa nguvu zote. Mlio wa pembe kugongana husikika mbali bondeni. Baada ya mgongano hawarudiani papo hapo: husimama kimya, kila mmoja akimwonyesha mwenzake pembe zake. Vita huweza kuendelea kwa saa nyingi mpaka mmoja akubali.

Fuvu lao lina tabaka mbili za mfupa zenye mapango ya hewa katikati, na pembe zenyewe hupokea sehemu ya nguvu ya pigo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ubongo wao hauumii kabisa. Mwaka 2022 watafiti walichunguza ubongo wa ng'ombe wa maski na wa kondoo wa pembe kubwa, na wakakuta dalili za majeraha, nyingi kwa ng'ombe wa maski na chache kwa kondoo. Maumbile yamewapunguzia gharama ya vita, hayakuifuta.

Lililo muhimu kwetu leo ni matokeo ya heshima hiyo ya pembe. Nje ya msimu wa kupandana, madume hukaa makundi yao na majike yao. Dume kijana akifika miaka miwili hadi minne huliacha kundi la mama yake na kuwafuata madume wakubwa. Humfuata hasa yule mwenye pembe kubwa. Kwa kumfuata miaka kadhaa hujifunza malisho ya madume, njia za kuvuka mabonde, na mahali pa kulamba chumvi. Pembe kubwa, basi, zinamtambulisha mwalimu.

Hoja ya tatu: njia za mlimani hufundishwa

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi sita. Katika Milima ya Rocky huzaa mwisho wa Mei au Juni, mwanakondoo mmoja, na hujitenga kwenda kuzaa kwenye genge kali ambako adui hawezi kufika kwa urahisi. Baada ya siku chache hurudi na mwanakondoo wake kwenye kundi la majike wenzake. Tangu siku hiyo mwanakondoo hafanyi safari ya peke yake. Jike mzee hutangulia, wengine hufuata, na watoto huwafuata mama zao.

Wanafuata nini? Wanafuata majani machanga. Theluji huyeyuka kwanza chini, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi. Majani yanapochipua ndipo yanapokuwa na protini nyingi na kusagika kwa urahisi. Kundi linalojua njia hupanda pamoja na uchipuaji huo, likila majani ya siku chache tu, wiki baada ya wiki, mpaka kwenye mbuga za kilele. Mbuga zikianza kukauka na theluji kutisha, hushuka. Katikati ya safari hiyo kuna sehemu za madini, hasa chumvi, ambazo kondoo huzihitaji baada ya kipupwe. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, Colorado, kondoo hushuka kutoka majabalini, huvuka barabara kuu, hulamba udongo wa mahali paitwapo Sheep Lakes, na hurudi juu. Watumishi wa hifadhi husimamisha magari ili wapite. Mnyama anayeogopa uwanda hawezi kuhatarisha maisha yake hivyo kama hajafunzwa kwamba chumvi iko pale.

Geist aliandika mwaka 1971 kwamba kondoo hurithi maeneo yao kutoka kwa wakubwa zao. Lilikuwa wazo la mtu aliyewatazama kwa subira, lakini lilihitaji ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 2018, kupitia kazi ya Brett Jesmer, Matthew Kauffman na wenzao wa Wyoming, iliyochapishwa katika jarida la Science. Naomba vijana msikilize vizuri, kwa kuwa huu ni mfano wa utafiti uliopangwa kwa akili.

Katika karne ya 20 wahifadhi walikuwa wamewakamata kondoo kwenye makundi yaliyosalia, kama lile la Whiskey Basin karibu na mji wa Dubois, wakawapeleka kwenye milima iliyokuwa imebaki tupu. Watafiti waliwavika kondoo kola za GPS: wale wa makundi ya asili yaliyokaa mahali pao kwa zaidi ya miaka 200, na wale wa makundi yaliyohamishwa kwa nyakati mbalimbali. Kama uhamaji ungekuwa wa kuzaliwa nao, wote wangehama. Katika makundi ya asili, wengi walihama. Miongoni mwa walioletwa karibuni kwenye mlima mgeni, waliohama walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, ijapokuwa mlima ulikuwa na majani ya kufuata. Na kadiri kundi lilivyokaa muda mrefu mahali pake, ndivyo lilivyozidi kuyafuata majani kwa ustadi na ndivyo wengi zaidi walivyohama. Kondoo walihitaji karibu miaka 40 ili sehemu kubwa ya kundi iwe ya wahamaji. Kulungu mkubwa wa kaskazini aitwaye moose alihitaji karibu 90.

Wazee wetu walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kondoo hao waliohamishwa walifunzwa na ulimwengu, na somo hilo liliwachukua vizazi kadhaa.

Hoja ya nne: kundi likifa, elimu yake hufa nalo

Hapa nawaomba wafugaji mnivumilie, kwa sababu nitamtaja kondoo wa kufugwa. Sitamlaumu yeye, wala mchungaji wake. Katika magharibi ya Marekani wachungaji wengi wa leo ni watu waliotoka Peru kutafuta riziki, wanaolala kwenye hema mlimani miezi mingi. Hawakuanzisha tatizo hili.

Kondoo wa kufugwa hubeba kooni bakteria aitwaye *Mycoplasma ovipneumoniae*, mara nyingi bila kuugua sana. Amezoeana naye kwa maelfu ya miaka. Kondoo wa pembe kubwa hakuwa na mazoea hayo. Bakteria huyo hujishika kwenye vinyweleo vidogo mno vya njia ya hewa, vile vinavyosukuma uchafu na vijidudu kutoka mapafuni, na huvizuia kufanya kazi. Mlango ukishakuwa wazi, bakteria wengine hushuka, na mnyama hupata nimonia kali. Inatosha dume mmoja kijana, anayetangatanga kutafuta majike, agusane pua na kondoo wa kufugwa kisha arudi kundini.

Katika Hells Canyon, mahali majimbo ya Idaho, Oregon na Washington yanapokutana, mlipuko wa mwaka 1995 na 1996 uliwaua kondoo takriban 300 kwa miezi michache. Msiba haukuishia hapo. Baadhi ya majike waliopona hubaki na bakteria kooni. Wanazaa wanakondoo wenye afya, watoto hucheza pamoja kwenye magenge, kisha wakifikisha mwezi mmoja hadi mitatu huanza kukohoa na kufa, mwaka baada ya mwaka. Kundi lina mama, lina malisho, halina wanafunzi. Majike wanaojua njia wanazeeka bila wa kuwafuata.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili. Sotoka iliingia mwishoni mwa karne ya 19 ikaangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne ya 20, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa uliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ugonjwa pia hutoka porini kuja bomani: nyumbu wakizaa hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, na Wamasai tangu zamani huwaondoa ng'ombe wao kwenye mbuga za uzazi wa nyumbu msimu huo. Hiyo ni sayansi ya wafugaji wetu, na msingi wake ndio uleule ambao Wamarekani wameufikia baada ya misiba mingi: kuna majira na mahali ambapo mnyama wa porini na wa kufugwa wasikutane.

Hoja ya tano: binadamu anapochagua wa kuua, anachagua wa kubaki

Katika mlima uitwao Ram Mountain, jimbo la Alberta, kondoo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila mmoja anajulikana, mama yake anajulikana, na pembe zake hupimwa. Kanuni za uwindaji ziliruhusu kuua dume ambaye pembe zake zimefikia mzunguko fulani. Maana yake ni kwamba dume mwenye pembe zinazokua haraka aliruhusiwa kuuawa akiwa bado kijana, kabla hajapata watoto wengi, na yule wa pembe ndogo alibaki kuzaa. Mwaka 2003 David Coltman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya takriban miaka 30: pembe na uzito wa madume vilikuwa vimepungua, na sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya kurithiwa.

Wapo wanasayansi waliosema kwamba msongamano wa kundi na hali ya malisho vilichangia. Ni hoja ya haki, na uchunguzi uliofuata uliizingatia. Ila funzo limebaki. Na kwa hoja yangu ya leo kuna funzo la pili. Dume wa pembe kubwa ndiye anayefuatwa na vijana. Bunduki inayomtafuta yeye kwanza humwondoa mwenye damu bora, na humwondoa mwenye kuijua nchi. Sisemi kila uwindaji ni uharibifu. Fedha za wawindaji zimelipia sehemu kubwa ya kazi ya kuwarudisha kondoo hawa. Nasema kanuni ya uwindaji iangalie nani anabaki, isihesabu tu wangapi wamebaki.

Tunakoelekea

Ndugu zangu, habari za mnyama huyu si za msiba mtupu. Toka maelfu machache ya mwanzoni mwa karne ya 20, leo wamefikia makumi ya maelfu. Kondoo wa Sierra Nevada, waliobaki zaidi kidogo ya 100 walipowekwa chini ya ulinzi wa sheria ya shirikisho mwaka 1999, waliongezeka, ingawa vipupwe vya theluji nzito na puma vimewarudisha nyuma tena. Watu wamejifunza, na naona mafunzo manne yanayotazama mbele.

La kwanza, kutenganisha. Mwaka 2010 uongozi wa Msitu wa Taifa wa Payette, Idaho, uliamua kupunguza malisho ya kondoo wa kufugwa kwa takriban asilimia 70 ili kuwalinda kondoo wa porini, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliukubali uamuzi huo. Uamuzi wa namna hiyo unaumiza wafugaji, na haki inataka wahusishwe mapema na wapatiwe malisho mengine. Bila hivyo uhifadhi hujijengea maadui.

La pili, kupima. Katika Hifadhi ya Jimbo ya Custer, South Dakota, watafiti waliwapima majike, wakawatoa wachache waliobeba bakteria bila kupona, na wanakondoo wakaanza kuishi tena. Mkakati huu unahitaji subira kuliko fedha nyingi.

La tatu, kuzilinda njia zenyewe. Kwenye barabara kuu ya 93, Arizona, yamejengwa madaraja matatu ya wanyama, na kondoo wa jangwani wanayatumia. Mahali njia ilipokatwa, hasara haifichiki. Kondoo wa milima ya Teton, Wyoming, walipoteza malisho ya bondeni kwa makazi ya watu, wakasahau kushuka. Leo hupita kipupwe kizima kwenye matuta yenye upepo juu ya mita 3,000, kundi dogo, na hata watelezaji wa theluji wakipita karibu huwafukuza kwenye nyasi chache walizo nazo.

La nne linatuhusu sisi. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire. Familia za tembo zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Waliobaki walikuwa wa ukoo uliokuwa umepoteza majike wake wazee kwa ujangili. Tembo na kondoo wa mlimani ni wanyama tofauti kabisa, na wote wawili wanatuambia kwamba mnyama mzee porini ana kazi ambayo kijana hawezi kumkaimu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu mahususi. Maofisa wa wanyamapori: katika kila hesabu ya wanyama, andikeni umri, si idadi peke yake. Mnapopanga kuwahamisha wanyama, hamisheni familia pamoja na wazee wao, na muwapeleke mahali ambapo bado wapo wenyeji wa kuwafuata. Maofisa wa mifugo na wafugaji: ketini pamoja kabla ya msimu wa kuzaa, mchore ramani ya mahali ambapo mifugo na wanyamapori wasikutane, na maarifa ya wazee wa Kimasai yaandikwe katika ramani hiyo. Walimu: wafundisheni watoto kwamba mapito kama Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ni sehemu ya hifadhi hata kama hayana lango wala bango.

Njia iliyokatwa leo inaweza kuchukua miaka 40 kujifunzwa upya, ikiwa wa kujifunza watakuwepo. Ni rahisi zaidi kuilinda sasa. Tuilinde.